Maziko ya Mzee Mkadam

Leeds, 11 Januari 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Najua macho yako hayataki tena kusoma na barua hii anakusomea Tamim, na najua kaka yangu huyo akifika mahali nilipomsema huruka mstari. Kwa hivyo nnamsema mwanzo kabisa: Tamim, soma kila neno, usimfupishie Baba kama unavyofupisha sala.

Uliniambia wenzako wa barazani wakikuuliza binti yako anasoma nini Ulaya, unasema "hesabu" kisha unauliza bei ya samaki. Basi leo nakueleza, nawe uwaeleze. Tone moja la maji linaweza kujaa bakteria, vijidudu visivyoonekana ila kwa hadubini. Kikiwa peke yake, kijidudu huogelea moja kwa moja, kikajipindua, kikashika njia nyengine. Vikijaa vikabanana, vinaanza kwenda pamoja. Vinafanya mikondo, vinazunguka, vinauvunja mzunguko na kuanza mwengine, na hapana mkubwa wao anayeviamrisha. La ajabu kuliko yote ni kwamba vikiwa pamoja vinakwenda mbio zaidi kuliko kimoja chochote kinavyoweza kuogelea peke yake.

Kazi yangu ni kutengeneza kielelezo cha mwendo huo kwenye kompyuta. Badala ya kijidudu naweka nukta, na kila nukta naipa amri ndogo: tazama jirani zako, elekea wanakoelekea, kosea kidogo. Nikiziacha zikosee kidogo mno, zote zinageukia upande mmoja kama gwaride. Nikizidisha makosa, zinatawanyika. Mizunguko nimeipata kidogo. Mbio ndizo zisizokuja. Nukta zangu hazivuki mwendo niliozipa mimi, na vijidudu vya Mungu vinauvuka kila siku chini ya hadubini, mbele ya macho yangu.

Mwishoni mwa Aprili jopo la walimu litanihoji. Nikiwa sina jibu la mbio, ufadhili unakatwa na nnarudishwa nyumbani mikono mitupu. Nimechoka, Baba. Nakaa mbele ya kioo cha kompyuta mpaka macho yanatoka machozi, na nukta zinazunguka tu kama zinanicheka.

Lakini si hilo linaloniumiza zaidi. Tamim anasema figo zako "zinakusumbua kidogo", na mimi naijua hiyo kidogo yake. Simu ya dukani kwa Bwana Anwarali napiga haiti. Niambie neno moja tu, njoo, nami nakuja, na jopo liende zake. Nataka kukuona. Nnaogopa, nasema wazi.

Tamim, na wewe nisaidie. Nitazamie makundi: watu wakitoka msikitini Ijumaa, abiria wakishuka boti hapo bandarini. Ukiona popote watu wakienda pamoja haraka kuliko mmoja wao anavyotembea, niandikie.

Barua ya Mama iko humu ndani, kwenye karatasi ya samawati.

Mwanao,
Khawla


Malindi, Unguja, 30 Januari 1998

Khawla,

Nimesoma kila neno, pamoja na lile la sala. Baba kacheka mpaka akakohoa, na Mama akanilaumu mimi.

Haya sasa ni maneno yake. Naandika kama anavyosema, hataki nimsawazishie:

"Marahaba, mwanangu. Nimewaeleza barazani. Mzee Mkadam anauliza hao wadudu wako kwa nini hawachagui sheha wa kuwaongoza. Nimemwambia hawana sheha, ndiyo maana wanakwenda mbio. Mimi mzima. Nakunywa uji wangu, nasali nimekaa. Ukisikia kinyume chake usisadiki. Usije. Maisha yangu yote nilikuwa karani hapo bandarini, nikiandika mizigo ya watu wanaokwenda na kurudi, na mwenyewe sijapata kwenda popote. Wewe umekwenda kwa niaba yangu. Ukija kabla hujamaliza sitokufungulia mlango, na mamako nitamficha ufunguo. Ukimaliza, njoo unieleze mwenyewe, polepole, nikuulize maswali ya kipumbavu."

Hapo kachoka, kanipa mkono nimlaze.

Bandarini nimekwenda, nimesimama boti ya Dar es Salaam ikishusha watu. Wanabanana kwenye ngazi na mizigo yao, kila mmoja ana haraka, na wote pamoja wanakwenda polepole kuliko bibi kizee. Kundi linachelewesha, halikimbizi. Nasikitika sikukuletea lolote.

Simu ya Anwarali waya wake umekatika tangu vuli na hakuna anayekuja kuutengeneza. Mkewe Bi Parin ananuna mchana kutwa kwa sababu hasikii habari za dada yake. Mama amekuandikia hapo chini kwa mkono wake, kwa herufi zake za Kiarabu. Sikusoma, ni yenu wenyewe.

Kaka yako,
Tamim


Malindi, Unguja, 25 Februari 1998

Ami Sami,

Shikamoo. Simu yako ya maandishi kutoka Maskati ya kututaka radhi kwamba hukuwahi maziko ya ndugu yako tumeipata. Huna la kuombea radhi. Hapa maiti haingojeshwi, nawe ungekuwa bado uko njiani. Baba kazikwa siku ileile aliyofariki, na watu walikuja wengi, alhamdulillahi.

Nakuandikia kwa jambo jengine, na nakuomba libaki kwako. Khawla hajui kama Baba amekufa.

Kabla hajapoteza kauli, Baba alinishika hapa kifundoni mwa mkono, kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo, akaniapisha: Khawla asiambiwe mpaka jopo lake lipite. Nikamwambia, Baba, hilo haliwezekani. Akasema, "Akija atakaa na mamake, hatorudi tena. Apa." Nikaapa, Ami. Ningefanyaje? Mtu anakufa, amekushika mkono.

Na kuna baya zaidi. Mama hajui kiapo hicho. Angejua, angempelekea Khawla habari siku ileile, hata kama ni kwa kumtuma mtu. Kwa hivyo nikamwambia nshaandika, Khawla anajua. Sasa Mama amekaa eda chumba cha ndani, na kila siku ya posta ananiuliza, "Khawla kaniandikia nini?" Namjibu barua huchelewa. Jana kasema, "Hata mkono wa pole hana wa kunipa?" Kisha kageukia ukutani, na mpaka sasa nnapoandika hajala kitu.

Nimewadhulumu mama yangu na dada yangu kwa pamoja na sioni pa kutokea. Nikisema, namvunjia marehemu kiapo. Nikinyamaza, Mama atakufa akimchukia mwanawe. Wewe ndiye uliyesoma dini. Niambie kiapo cha namna hii kinanishika au hakinishiki. Na ukimwandikia Khawla, nakusihi, mtakie kheri tu.

Mwana wa nduguyo,
Tamim


Malindi, Unguja, 9 Machi 1998

Khawla,

Sisi hatujambo. Baba anakusalimu. Mama mguu unamuuma, hata harusi ya Asila huko Chukwani hakwenda. Safari hii hakuweza kukuandikia.

Uliniomba kundi. Nimeliona moja, na tangu nilione sina jengine kichwani, kwa hivyo nakuandikia hilo.

Jirani yetu Mzee Mkadam amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Wamemtoa nyumbani baada ya adhuhuri. Ngazi ni nyembamba, walilazimika kuliinamisha jeneza. Nje kichochoro kilikuwa kimejaa kutoka ukuta hadi ukuta. Unajua watu wa hapa walivyo: kila mmoja anataka thawabu, kila mmoja anataka kutia bega. Aliyebeba habebi sana. Anapokewa na aliye mbele yake, yeye anabaki nyuma, anazunguka pembeni, anakwenda mbele kungojea zamu nyengine.

Sasa sikiliza. Mimi nilikuwa natembea. Kila mtu alikuwa anatembea, kile kichochoro hakina pa kukimbilia. Lakini jeneza lilikuwa linakimbia. Lilipita juu ya vichwa vyetu bega hadi bega, likatupita, likawa linaniacha. Nilitaka kupiga kelele wapunguze mwendo. Nikatazama ni nani anayelikimbiza ili nimgombeze, nisimwone. Hakuna. Kila mtu alikuwa anafanya upole wake, kila mtu kalishika kwa adabu, na wote pamoja walikuwa wanamwondosha kwa mbio ambazo hakuna mmoja wao aliyekuwa nazo.

Wamemsalia msikitini, wakamchukua mpaka Darajani ilikokuwa gari, kisha makaburini Mwanakwerekwe. Mara udongo umeshamfunika. Sikujua kwamba mtu anafika kaburini upesi hivi.

Sijui kama hili linakufaa. Kama halikufai, lichane.

Tamim


Leeds, 26 Machi 1998

Tamim! Tamim wewe!

Nimeisoma barua yako nimesimama mlangoni na koti sijavua, kisha nikarudi mbio maabara, na tangu hapo sijui nimekula nini. Kaa kitako nikueleze.

Jeneza si mtembeaji. Mimi muda wote huu najiuliza watembeaji wanawezaje kwenda haraka kuliko wanavyotembea. Hawawezi! Kinachokwenda mbio ni kile walichokibeba. Nikajiuliza, bakteria wamebeba nini? Maji, Tamim. Maji! Kila kimoja kikiogelea kinayasukuma maji, na maji yaliyosukumwa na wote yanawachukua wote. Mimi niliweka waogeleaji nikasahau kuweka maji. Nukta zangu zilikuwa zinaogelea pasipo kitu. Na kila kijidudu ni mchukuaji na ni mchukuliwa kwa wakati mmoja, ndiyo maana haonekani anayekimbiza.

Nimetia maji. Kazi yake ni ngumu, kompyuta inalia kama inataka kufa. Lakini zimekwenda! Nimeziona zinavuka mwendo wao, nikapiga ukelele mpaka mlinzi akaja kuniuliza kuna nini. Nimecheza peke yangu humu chumbani. Profesa katazama, kisha kasema jambo ambalo hajapata kuniambia: kwamba huenda nikapita.

Msomee Baba yote haya. Mwambie nimepata jibu, na yeye aanze kuyaweka tayari maswali yake ya kipumbavu, nnakuja Mei, inshallah. Mwambie asife njaa kwa uji tu, ale na samaki.

Naona haya kufurahi kwa msiba wa watu. Kwa hivyo nimemwandikia mkewe, Bi Mwanakheir, kumpa mkono wa pole, na barua yake nimeituma leo moja kwa moja kwao. Nilimpenda Mzee Mkadam, na tena sasa nna deni la shukrani kwake.

Profesa anataka amri za nukta ziandikwe wazi, kwa hivyo nijibu vizuri. Je, wachukuaji wote wanapokewa kwa namna moja? Kuna mtu asiyefuata utaratibu wa wenziwe? Wewe mwenyewe ulikuwa wapi, na ukipokewa ulikwenda wapi?

Na Mama ana nini? Tangu yale maneno yake ya Januari hajaniandikia hata mstari. Kama nimemkosea, niambie.

Khawla


Malindi, Unguja, 12 Aprili 1998

Khawla,

Hongera. Nimemsomea Baba. Amefurahi sana na anasema hongera, endelea na bidii.

Kwa Bi Mwanakheir usingejisumbua. Mwenye eda hana haja ya barua. Ikishatumwa lakini basi.

Majibu yako ni haya. Wengine wote walipokezana kwa namna moja, kama nilivyokueleza. Mimi nilianza bega la mbele kushoto, tangu mlangoni. Nilipokewa kama wengine, lakini kila nikibaki nyuma watu walinisukuma mbele tena, wakanifungulia njia, mara najikuta niko chini ya jeneza. Sikutaka. Mikono ndiyo iliyokuwa ikinipeleka. Na Mwanakwerekwe nilishuka mimi kaburini kumpokea, na rafiki yangu Jecha alinisaidia kumlaza.

Sina zaidi. Mama hujamkosea. Ingia kwenye jopo lako, maliza, kisha tutazungumza mengi.

Tamim


Leeds, 28 Aprili 1998

Tamim,

Nimeiweka nukta yako.

Nukta nyengine zote nimezipa amri moja: chukua, pokewa, baki nyuma, zunguka. Yako nimeiweka kama ulivyonieleza, kila ikibaki nyuma inasukumwa mbele. Kisha nikakaa niwaandikie walimu wa jopo kwa nini nukta hii moja haifuati sheria ya wenzake. Kalamu ikasimama.

Siku ya maziko ya Babu nilikuwa mdogo, nimesimama kwenye kiti dirishani na Mama. Tulimwona Baba akipokewa na kurejeshwa mbele, akipokewa na kurejeshwa. Nikamuuliza Mama kwa nini hawamwachi apumzike. Akaniambia, "Kwa sababu aliye juu ni baba yake."

Nani anayesukumwa mbele, Tamim? Nani anayeshuka kaburini? Mzee Mkadam ana watoto wake wa kiume, wazima, wana mabega.

Na Baba hajapata kusema "endelea na bidii" maisha yake yote. Angesema wadudu wangu wamepata akili kabla yangu. Angesema chochote, lakini si hilo.

Niambie nimekosea. Niandikie kwamba mimi ni mpumbavu, kwamba kusoma sana kumeniharibu. Nimepiga tena simu kwa Bwana Anwarali, haiti. Nakaa na barua zako mbili mapajani nikitafuta mstari mmoja wa kunikanusha, na kila mstari unanishtaki. Mguu wa Mama si mguu. Mama yuko eda.

Nilicheza, Tamim. Nilikuandikia "zimekwenda!" na nilikuwa namcheza baba yangu. Ulinipa jeneza la Baba nikaligeuza mchezo wa kompyuta, nikalirudisha mlangoni, nikalitoa tena, nikalikimbiza, nikalipunguza mwendo, na kila lilipofika nilipiga makofi. Kwa nini hukunizuia? Kwa nini ulinijibu maswali?

Jopo ni kesho. Nikiingia, naingia na yeye mabegani na wao hawajui. Nisipoingia, navunja alichokitaka, maana najua ni yeye aliyekukataza, hilo peke yake ndilo linalonukia Baba katika jambo zima hili. Sijui nifanye lipi. Mtu ambaye ningemuuliza ni wewe, na wewe siwezi kukuamini tena hata ukiniambia leo ni Jumanne.

Khawla


Malindi, Unguja, 4 Mei 1998

Khawla binti Darwesh,

Nilikuwa nimeapa moyoni kwamba sikuandikii tena mpaka nakufa. Leo nnaandika, kwa hivyo jua kuna jambo.

Bi Mwanakheir kaja hapa na barua mkononi, imemfikia leo baada ya kukwama posta. Kanikuta kitako ndani ya eda yangu, hakunisalimia. Kasema, "Sheikha, mwanao kamzika mume wangu, na mume wangu yuko chini barazani anakunywa kahawa! Nimekukoseeni nini?" Akanitupia barua mapajani.

Nikaisoma. Umemwandikia: "Bi Mwanakheir, najua hakuna neno linaloweza kuingia ndani ya nyumba yako sasa likakufaa. Nasikitika siko hapo nikakaa chini ya miguu yako. Nakumbuka alivyokuwa akikuita kutoka chini kabla hajapanda ngazi, ili usishtuke. Naomba nyumba isiwe kimya sana kwako."

Mkadam hajapata kumwita mkewe kutoka chini, khasa yule. Anapanda kimyakimya kama paka. Aliyekuwa akiniita kutoka chini ni baba yako. Uliandika kwa mke wa mtu na moyo wako ulikuwa ukisema kwangu, na wewe mwenyewe hujui.

Nikamwambia, "Mwanakheir, hii si yako. Hii yangu, imekosea nyumba." Nikamweleza kwamba mwanangu kafichwa, kaambiwa msiba wa babake ni wenu. Kisha akakaa hapo chini kwenye mkeka, hasira zote zikamwisha, tukalia pamoja, yeye ambaye mumewe yu hai na mimi.

Baba yako amefariki, mwanangu. Yamkini ushajua. Kama hujui, basi jua kwangu, maana habari hii mtu aambiwe na mamake. Alikwenda kwa upole, mkono wake ulikuwa kwa Tamim.

Tamim nimempiga kofi, mtu mzima na ndevu zake. Kanieleza kiapo chote huku analia. Kisha nikamlaza kichwa mapajani kwangu, maana nilimwona amekonda na mimi wiki zote hizo nilikuwa simtazami.

Na wewe nilikuchukia. Sikufichi. Kila siku ya posta nilikuchukia upya. Nilisema nimezaa mtoto wa jiwe. Unisamehe.

Nakuomba jambo moja. Siku ile walinizuia chumba cha ndani, mlango umefungwa, wanawake wamenishika kushoto na kulia. Sikuliona jeneza hata ncha yake. Nilisikia dhikri ikishuka kichochoroni, ikipungua, kisha sikusikia kitu. Tamim anasema alikueleza wewe yote, mpaka umeyaingiza kwenye mashine. Mimi hajanieleza, na sasa kila akianza anainuka, anatoka nje. Nieleze wewe. Baba yako alikwendaje?

Mamako,
Sheikha


Leeds, 19 Mei 1998

Mama yangu,

Naubusu mkono wako, huo ulioniandikia na huo uliompiga Tamim. Hakuna cha kukusamehe. Mimi kwako ningechukia zaidi.

Jopo niliingia. Sijui niliingiaje. Nilikuwa nimevaa nguo za jana. Walinihoji, nikajibu, na mwalimu mmoja mzee akauliza wazo la maji nililipata wapi, maana ni zuri. Walikuwa wamenitazama wote, wananitabasamia. Nikafungua kinywa niseme. Nikasema, "Kwa maziko ya jirani yetu." Limetoka lenyewe, Mama. Nimemshutumu Tamim kwa neno lile, na ilipofika zamu yangu sikuwa na jengine la kusema. Mwambie hivyo. Mwambie sina kinyongo naye.

Nimepita. Sikuhisi kitu. Nakuja wiki ya pili ya Juni, kabla eda yako haijesha, nikae nawe humo ndani. Nitarudi huku baadaye kumalizia, nimeahidi, ili Baba asiwe na la kunigombeza.

Umeniuliza alikwendaje. Alikwenda hivi.

Alipofikishwa kwenye ngazi walimwinamisha, kwa sababu ni nyembamba, lakini waliokuwa chini walimwinua, kwa hivyo hakuteremka kwa kishindo. Mlangoni Tamim alimtia bega la mbele kushoto. Kichochoro kilikuwa kimejaa na hapakuwa na aliyemsukuma mwenzake. Kila bega lilipochoka, jengine lilikuwa tayari limeshafika chini yake, kwa hivyo hapana mtu mmoja aliyemwona mzito. Alipita juu ya vichwa vya watu wote waliokuwa wakimjua. Alikwenda haraka, Mama, sikufichi na mimi. Haraka kuliko alivyopata kutembea. Si kwamba walitaka kumwondosha. Kila mmoja alikuwa anamtaka amguse kidogo, na kutaka kwao kukamchukua. Kaburini alipokewa na mwanawe.

Tangu nijue, nimeiendesha mashine mara nyingi. Nimejaribu kupunguza watu ili asifike. Nikiwapunguza anakwenda polepole, lakini anafika. Nimejaribu kumzuia palepale mlangoni. Siwezi. Amri nilizoziandika mwenyewe zinamtoa nyumbani.

Jana nimefanya jambo ambalo profesa sitomwonyesha. Nimeongeza nukta mbili, moja mimi, moja wewe. Nimezitoa chumba cha ndani, nimezishusha ngazi, nimeziingiza kichochoroni katikati ya wanaume, na hakuna aliyezizuia, kwa sababu sikuandika amri ya kuzizuia. Tukatia bega. Ya kwako nimeipa amri ya Tamim: kila ikibaki nyuma, watu wanairejesha mbele, chini yake. Tulimchukua pamoja mpaka Darajani. Muda wote nilikuwa nautazama mwendo wake, nikingojea kuona kama sisi tukiwamo atapunguza, japo kidogo, japo mara moja.

Haukubadilika, Mama.

Mwanao,
Khawla